Joto la Kaskazi Limeingia: Chunguza Unachopaka na Unachovaa

Kila mwaka ikifika Juni na Julai, simu zetu hujaa video za mitindo ya "summer". Wasichana wa London na Paris wamevaa magauni mepesi na kofia za ukili, wakituonyesha krimu gani ya kupaka na miwani gani ya kuvaa. Nasi hapa Mombasa twawatazama tukiwa tumejifunika leso mbili, kwa sababu Julai kwetu ni kusi. Asubuhi kuna manyunyu, bahari imechafuka, na usiku mtu hutafuta shuka. Joto letu huja na upepo wa kaskazi, kuanzia Desemba mpaka mvua ya masika itakapotupoza mwezi wa Machi au Aprili.

Sasa ndiyo kaskazi hiyo. Na kwa kuwa huu pia ni msimu wa harusi, maduka ya vipodozi yamejaa watu. Ningeweza kuandika tu kuhusu rangi za madera, lakini kuna jambo limenikaa moyoni.

Mtoto wa dada yangu anaolewa. Alikuja kwangu wiki sita kabla ya siku yake, akatoa kwenye mkoba kikopo cheupe kisicho na jina wala karatasi. "Mama mdogo," akaniambia, "hii napaka mwezi mmoja tu, niking'aa kwenye picha naacha." Nilikifungua, nikanusa, na nikakumbuka uso wangu mwenyewe nilipokuwa na umri kama wake.

Kikopo kisicho na jina

Mimi nilipaka. Nilinunua krimu kwenye duka moja la mjini, muuzaji akaniapia kwamba ni ya matunda. Wiki ya pili kila mtu alinisifu. Mwezi wa tatu mashavu yalikuwa mekundu, vipele vimenitoka, na nikisimama karibu na jiko la makaa nahisi kama napakwa pilipili. Nikaacha, mambo yakawa mabaya zaidi. Daktari wa ngozi ndiye aliyenieleza kwamba nilichokuwa nikipaka kilikuwa na steroidi kali. Ilinichukua karibu mwaka mzima kurudi kama nilivyokuwa.

Nieleze jinsi vitu hivi vinavyofanya kazi, maana wengi wetu hatujaelezwa. Rangi ya ngozi hutoka kwenye melanini, ambayo hutengenezwa na chembe maalumu ndani ya ngozi. Haidrokwinoni na zebaki huzuia utengenezaji huo. Steroidi nayo huipausha ngozi na kuifanya nyembamba. Ndiyo maana mtu huonekana laini na mweupe haraka, kisha mishipa ikaanza kuonekana, michirizi ikatokea mapajani na kwenye mikono, na kidonda kidogo kikakawia kupona.

Kila kimoja kina deni lake. Haidrokwinoni ikipakwa kwa muda mrefu huweza kuleta mabaka meusi yenye rangi ya samawati, aghalabu kwenye mashavu, na mabaka hayo ni magumu sana kuondoka. Zebaki huingia mwilini na kudhuru figo. Tena haibaki kwa aliyepaka peke yake. Huenda kwenye taulo, kwenye mto, na kwa mtoto anayebebwa na kubusiwa. Mama mjamzito humpitishia hata aliye tumboni.

Haya si maoni yangu peke yangu. Shirika la KEBS limepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni hapa Kenya. Rwanda ilianza msako mkali madukani mwaka 2018. Mkataba wa kimataifa wa Minamata wa mwaka 2013, uliopewa jina la mji wa Japani ambako watu waliumizwa na zebaki, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja kwa milioni. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuondoa hata kiwango hicho, ili ifikapo 2025 kisiruhusiwe chochote. Lakini sheria haiwezi kusoma kikopo kisicho na karatasi.

Basi soma wewe. Tafuta maneno kama "mercury", "calomel", "mercurous chloride", "mercuric iodide", "hydroquinone" na "clobetasol". Ukiona maelezo yanasema usiguse dhahabu, fedha au alumini baada ya kupaka, hiyo ni dalili ya zebaki. Angalia alama ya KEBS, au stika ya ISM kwa bidhaa za nje, na uihakiki kwa SMS kwenda 20023. Kama muuzaji amekuchanganyia mwenyewe nyuma ya kaunta, huo ni mkorogo, na hata yeye hajui kiasi alichotia.

Kwa aliyekwisha kuanza na amepaka miezi mingi, usiache ghafla na kukaa kimya nyumbani. Ngozi iliyozoea steroidi huweza kuwaka vibaya. Nenda kwa daktari wa ngozi, mwambie ukweli, akupunguzie taratibu. Hakuna aibu. Mimi nilikwenda.

Shida huwa ni madoa

Nilipomhoji vizuri mtoto wa dada yangu, niligundua kwamba hakuchukia rangi yake. Kilichomkera ni madoa ya chunusi kwenye mashavu. Nadhani wengi wanaonunua mkorogo wako hivyo. Na hapa ndipo bidhaa ambayo watu wetu huiona ni ya wazungu inapokuwa na faida kwetu: krimu ya kukinga jua.

Ni kweli kwamba ngozi nyeusi ina kinga yake. Vipimo vya zamani vya kimaabara viliifananisha na SPF ya 13 hivi, wakati ngozi nyeupe ilipata 3 na kitu. Hatuungui upesi. Lakini jua huyafanya madoa yaliyopo yazidi kuwa meusi, na miale ya aina ya UVA hupita hata kwenye kioo cha matatu. Ukipaka dawa ya madoa usiku na mchana unatembea juani bila kinga, unateka maji kwa pakacha. Na anayepaka mkorogo ameondoa ile kinga ya asili, kisha anatoka kwenye jua la Februari.

Namba ya SPF huwachanganya watu. SPF 30 huzuia kama asilimia 97 ya miale ya UVB, na SPF 50 kama asilimia 98. Tofauti ni ndogo, kwa hivyo usilipe pesa nyingi kwa ajili ya namba kubwa. Muhimu ni chupa iseme kwamba inakinga UVA na UVB. Paka kiasi cha mistari miwili ya vidole kwa uso na shingo, na urudie kila baada ya saa mbili ukiwa nje, hasa ukitoka jasho au ukiogelea. Zile zinazoacha uso na weupe kama umepakwa unga mara nyingi zina zinki au titani. Zipo nyingine zisizoacha weupe, jaribu kidogo kwenye taya kabla ya kununua.

Kwa ndugu zetu wenye ualbino, krimu hii ni dawa, kwani wao wako katika hatari kubwa ya saratani ya ngozi. Serikali huigawa kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Ukimjua mzazi mwenye mtoto kama huyo ambaye hajajiandikisha, mwambie.

Na mafuta ya nazi? Nayapenda, nayapaka kila usiku baada ya kuoga. Hulainisha ngozi kavu vizuri. Lakini usiyategemee yakukinge na jua la saa saba pale Nyali.

Hina ni hina, piko ni kitu kingine

Bibi harusi wa Pwani bila hina hajakamilika. Hina halisi ni majani ya mhina yaliyosagwa. Rangi yake huanza kama chungwa, kisha hukolea kwa siku moja au mbili na kuwa nyekundu ya kahawia. Huhitaji saa kadhaa kushika, ndiyo maana bibi zetu walilala nayo. Haiwi nyeusi tititi, hata ukiitia ndimu na chai ya rangi.

Kile cheusi tunachokiita piko, kinachoshika kwa muda mfupi, mara nyingi ni rangi ya nywele. Ndani yake mna kemikali iitwayo PPD. Katika Umoja wa Ulaya hairuhusiwi kupakwa kwenye ngozi kabisa, na kwenye rangi ya nywele ina kikomo cha asilimia 2. Wengine hupaka miaka wasidhurike. Wengine hutoka malengelenge yakifuata mchoro wa ua ule ule, na kovu hubaki. Mwili ukishaikataa PPD, huikataa maisha yote, hivyo siku utakapopaka rangi ya nywele saluni uso unaweza kuvimba.

Najua piko ndiyo inayochora mistari mizuri, na hina nyekundu hujazia ndani. Sisemi mila iachwe. Nasema umuulize mpakaji ametia nini, na mtoto mdogo apakwe hina nyekundu tu siku ya Idi. Vivyo hivyo na wanja: baadhi ya wanja wa unga una madini ya risasi, kwa hivyo macho ya mtoto mchanga yaachwe kama yalivyo.

Jasho na harufu

Jasho lenyewe halinuki. Harufu hutokea bakteria wa kwapani wanapolila. Bidhaa za kwapa ziko za aina mbili: moja huua bakteria na kuficha harufu, nyingine ina chumvi za alumini zinazoziba vijitundu vya jasho. Hii ya pili hufanya kazi vizuri ukiipaka usiku kwenye kwapa kavu, si asubuhi ukiwa tayari umelowa. Shabu ya dukani, lile jiwe jeupe, nayo huwazuia bakteria na ni rahisi.

Ndimu iache jikoni. Maji ya ndimu yakikaa kwenye ngozi kisha ikapigwa na jua, huweza kuunguza na kuacha doa jeusi la wiki nyingi. Baadhi ya manukato hufanya vivyo hivyo shingoni. Wazee walijua zaidi: walifukiza nguo kwa udi kwenye chetezo, harufu ikakaa kwenye kitambaa badala ya mwilini.

Dera zuri huanza na kitambaa

Mwaka huu naona madera ya rangi za maembe na bahari, na abaya zilizo wazi mbele zikivaliwa juu ya gauni jepesi. Mitindo yote hii inafaa kaskazi kwa sababu ni mipana. Hewa huingia chini na kutokea shingoni. Linaloharibu mambo ni kitambaa. Pamba hunywa jasho na kuliachia likauke. Poliesta hulizuia, na ndiyo maana dera linalong'aa dukani hukugandia mgongoni kabla hujafika kivuko cha Likoni.

Njia ya kujua ni rahisi. Chomoa uzi mmoja wa pindo, uwashe kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuwa kijishanga kigumu. Kabla ya kununua, mwombe muuzaji wa Biashara Street akupe kipande, wengi hawakatai.

Je, buibui jeusi? Jarida la Nature lilichapisha mwaka 1980 utafiti uliopima kanzu nyeusi na nyeupe za Mabedui jangwani. Nyeusi ilipata joto zaidi, lakini kwa kuwa ni pana, joto hilo lilitoka kabla ya kufika kwenye ngozi, na mvaaji wa nyeusi hakupata joto kuliko wa nyeupe. Hapa kwetu kuna unyevu zaidi ya jangwani, kwa hivyo chagua pana na nyepesi, na ndani vaa pamba. Kubana ndiko kunakochemsha.

Mtoto wa dada yangu

Aliniuliza swali moja ambalo krimu haijibu: "Na wakisema bibi harusi mweusi?" Nilikaa kimya kidogo, kwa sababu nawajua watakaosema. Ni shangazi na majirani zetu, ndio hao hao wanaomwita mtoto mchanga "mweupe huyo!" kama zawadi. Nikamwambia kwamba mume wake alimposa akiwa na uso huo huo, na kwamba mimi nitakaa mstari wa mbele.

Kikopo alikiacha kwangu. Tumekubaliana wiki hizi apake krimu ya jua asubuhi, dawa ya madoa aliyopewa na daktari usiku, na siku saba za mwisho singo na liwa, kama alivyofanyiwa mama yake. Mpakaji wa hina ameshaambiwa: nyekundu peke yake. Madoa bado yapo, ingawa yamepungua kidogo. Amesema hataki mpiga picha ayafute.