MAELEZO KUHUSU KUGANDA KWA KIOO CHA KOMPYUTA WAKATI WA KUSAIDIWA KUTOKA MBALI

Watumishi wa umma na wananchi wanaotumia kompyuta katika kazi zao wanaarifiwa kuwa kuganda kwa kioo, wakati fundi anaposaidia kutoka mbali, si lazima iwe dalili ya kuharibika kwa kompyuta. Maelezo haya yanatolewa kwa sababu hasara kubwa katika jambo hili haitokani na kuganda kwenyewe, bali na yale yanayofanywa na watu katika dakika chache zinazofuata.

Tuchukue mfano wa Bara, katika Mkoa wa Morogoro. Fundi yuko Kilosa, makao makuu ya wilaya. Karani yuko Mikumi, mji wa wilaya hiyo hiyo ulio kando ya barabara kuu iendayo Iringa na Zambia. Baina yao ipo njia ipitayo Ulaya (Ulaya ya Kilosa, si ile ya ng'ambo), na wakati wa masika si safari ya kufungwa kwa ajili ya kubonyeza kitufe kimoja. Kwa hiyo fundi hukifungua kioo cha karani kwa njia ya mtandao. Ni tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya mwaka wa fedha. Malipo yamo katikati, na kioo kinaganda. Walioko Wete wanaosaidiwa kutoka Unguja wanaijua hali hiyo.

Ieleweke kwanza kuwa fundi haioni kompyuta. Anaona picha yake. Programu humpelekea sehemu za kioo zilizobadilika, na kwa upande wa pili hupokea mibonyezo yake. Picha ikisimama, mibonyezo huenda bado inafika, au imepanga foleni njiani na itafika yote kwa pamoja njia ikifunguka. Anayebonyeza kitufe cha kulipa mara nne kwa hasira anaweza kuwa ametoa maagizo manne. Ipo mifumo inayokataa agizo la pili, lakini haifai kuitegemea huruma hiyo. Basi fundi aondoe mkono kwenye kibodi na ainue simu.

Amuulize karani: je, mausi inasogea? Saa iliyo pembeni mwa kioo inabadilisha dakika? Taa ya Num Lock huwaka na kuzimika kila kitufe chake kinapobonyezwa? Majibu yakiwa ni ndiyo, kompyuta ni nzima na kilichokatika ni picha tu. Kuizima hapo ni kuikata kazi iliyo hai, na pengine kuziacha hesabu zikiwa zimeandikwa nusu. Majibu yakiwa ni hapana, wasubiri dakika kadhaa, kisha wajaribu Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja. Kitufe cha umeme kiwe cha mwisho.

Kwa wanaotumia Remote Desktop ya Windows hali ni tofauti kidogo, kwa kuwa kwenye kompyuta ya kawaida ya ofisi karani hufungiwa nje na huona ukurasa wa kuingilia tu. Hata hivyo, njia ikikatika, programu zilizokuwa wazi kwa kawaida huendelea, na fundi akiunganishwa tena huzikuta zikiwa pale pale.

Iko hali moja inayowahangaisha wengi bila ya sababu. Windows inapoomba ruhusa ya msimamizi, kioo cha karani hufifia na swali hutokea katikati. Ikiwa programu ya msaada haina mamlaka ya msimamizi, fundi halioni swali hilo. Kwake picha husimama au huwa nyeusi. Hapana kilichoharibika. Karani asome kilichoandikwa, amsomee fundi kwenye simu, na ajibu baada ya kukubaliana.

Ikithibitika kuwa kosa ni la njia, waanzie karibu. Mara nyingi umeme ukikatika kompyuta hubaki hai kwa sababu imeunganishwa na UPS, lakini ruta imeachwa kwenye soketi ya kawaida. Aidha, baadhi ya programu za msaada hupitisha picha katika kompyuta zilizo nchi za nje, hata kama fundi na karani wamo wilaya moja. Ndiyo maana nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika tarehe 12 Mei 2024, kazi ya hapa kwa hapa nayo iliweza kukwama.

Wakati mwingine kosa hutoka kwa mtengenezaji. Baada ya masahihisho ya Februari 2025 ya Windows Server 2025, mausi na kibodi ziliacha kuitikia muda mfupi baada ya kuunganishwa kwa Remote Desktop, na tiba ikatolewa Aprili mwaka huo. Kwa hiyo fundi aulize pia ni masahihisho gani yaliyoingizwa karibuni.

Njia ikirudi, malipo yasirudiwe kabla ya kuangaliwa orodha ya miamala kwenye mfumo wenyewe. Agizo likiwamo, limekwishapokewa, hata kama kioo hakikuonyesha, na lifuatiliwe hapo hapo. Likiwa halimo, lianzwe upya na mtu mmoja tu, fundi au karani, na mwenziwe aiache kibodi mpaka namba ya muamala itokee.