Bourbon ya miaka mingi: Marekani ilipika, Japani ikakunywa

Mutu wa Likasi akipanda ndege aende Ulaya kutafuta mukuba, utasema nini? Utasema kichwa yake haiko sawa. Lakini kuko watu wa Kentucky, kule Marekani bourbon inakotoka, wenye kwenda mpaka Tokyo kutafuta shupa ya bourbon. Na wanakuwa na haki.

Sababu ni hii. Katika miaka ya 1970, Wamarekani waliacha kidogo kidogo kunywa bourbon. Vijana walipenda vodka, pombe ya baba zao waliiona ya kizamani. Mapipa yakajaa depo, munyunuzi hakuna. Na pipa haingojee mutu: pombe inazidi kuzeeka. Wakati ule Japani ilikuwa na feza, na watu wake walipenda pombe yenye kuandikwa miaka mingi juu ya etiketi. Basi mapipa yaliyohesabiwa hasara nyumbani yakatiwa ndani ya shupa kwa ajili yao: miaka 12, miaka 15, hata miaka 23.

Evan Williams ya miaka 12, etiketi nyekundu, degre 50,5, kwa muda murefu iliuzishwa Japani. Kentucky uliipata kwa duka ya wenye usini tu. Wild Turkey iliondoa miaka 8 kwenye etiketi ya Marekani, Wajapani wakabaki nayo. Four Roses ndiyo inachekesha zaidi: bourbon yake ya kweli ilitumwa Ulaya na Japani, na nyumbani jina lile likabandikwa juu ya wiski ya kuchanganya, ya bei ya chini. Ilirudi kwao kisha Kirin, soshete ya Japani, kununua usini katika mwaka 2002. Mugeni njo alirudishia mwenye nyumba mali yake!

Lakini miaka mingi ina bei yake. Sheria inataka bourbon iingie ndani ya pipa mupya ya mbao, iliyochomwa moto ndani. Jua ya Kentucky ni kali: pombe inaingia ndani ya mbao, inatoka, na kila mwaka karibu asilimia 3 mpaka 5 inapanda hewani. Wanaiita sehemu ya malaika. Kisha miaka 20, pipa inaweza kubaki chini ya nusu, na ile inayobaki mara nyingine ni chungu, kama kutafuna ubao. Kwangu mimi, ile ya miaka 12 inapita ile ya 23, hata kama bei inasema ingine.

Na zile mbivu hazirudi. Mwezi wa Novemba 1996, moto uliunguza depo 7 za Heaven Hill kule Bardstown, karibu mapipa 90.000 yakaisha. Huwezi kupika leo pombe ya miaka 20 ukaiuzisha kesho.

Kwa nini hawakuzirudisha tu nyumbani? Kipimo. Shupa nyingi za ngʼambo ni za mililita 700, na maduka ya Marekani yalilazimishwa 750, mpaka sheria ikabadilika mwisho wa 2020. Kwa hiyo watafutaji walizibeba ndani ya sanduku la nguo, moja moja. Tangu 2018 Kentucky inaruhusu maduka kununua shupa za zamani kwa watu wa nyumbani. Kuko mujane aliyekuta feza nyuma ya kabati ya marehemu.

Penye feza wezi nao wanafika. Shupa tupu inanunuliwa, inajazwa pombe ya bei ya chini, inafungwa tena. Wenye kuzoea wanaangalia mambo matatu: kifuniko kama hakijaguswa, karatasi ya mwagizaji yenye maandishi ya Kijapani mugongoni, na kimo cha pombe kwenye shingo. Shupa ya miaka 30 iliyojaa mpaka juu kabisa, kama ya jana, inauliza swali.

Jambo moja la kwetu: mitambo mingi ya kupikia ile pombe iko na mukuba. Chuma peke yake haiwezi kazi yake yote. Mukuba njo unaondoa arufu mbaya ya salfa ndani ya muvuke. Louisville kuko soshete, Vendome, wanaoponda mukuba kwa nyundo kutengeneza ile mitambo, na kila moja inaliwa na muvuke kidogo kidogo, inapaswa kubadilishwa.