Je, Wajua? Nguvu Bila Kuruka: Toka Muheme wa Wagogo Hadi Kitanda cha Springi

Je, wajua kwamba mama wa Kigogo anayepiga muheme anafanya zoezi ambalo wenzake mijini hulilipia? Ngoma ameibana mapajani, mikono inapiga, mwili unacheza. Misuli ya ndani ya mapaja inakaza muda wote. Mjerumani Joseph Pilates, mwanzilishi wa mazoezi yanayoitwa Pilates, naye alibuni pete ya kubanwa kati ya magoti, kwa misuli hiyohiyo. Anayedhani mazoezi haya ni ya wageni tu, aje Mpwapwa siku ya sherehe.

Pilates huyo alizaliwa mwaka 1883. Vita vya Kwanza vya Dunia vilimkuta Uingereza, akawekwa kizuizini kwa kuwa ni Mjerumani, mwishowe katika kisiwa cha Man. Inasimuliwa kwamba huko alifunga springi kwenye vitanda vya wagonjwa ili wajinyooshe wakiwa wamelala. Miaka ya 1920 alihamia New York, na wacheza dansi walioumia wakawa miongoni mwa wateja wake.

Mashine yake maarufu inafanana na kitanda chembamba chenye jukwaa linaloteleza, likivutwa na springi. Ukilala juu yake, uzito wako umebebwa. Goti na nyonga hazipati kishindo kama cha kukimbia au kuruka. Lakini usidanganyike: springi chache si lazima ziwe nafuu. Katika mazoezi mengine jukwaa lililolegea huyumba, na tumbo ndilo linalohangaika kulituliza. Mwachie mwalimu achague. Na kurudi ni kazi kama kwenda: rudisha jukwaa polepole, usiliache livutwe lenyewe. Misuli inayofanya kazi huku ikirefuka ndiyo hasa huuma kesho yake na keshokutwa.

Je, wajua kuhusu mzigo unaobebwa kwa kichwa? Mwaka 1986 watafiti walichapisha vipimo vya wanawake wa Kikuyu na Kiluo nchini Kenya: waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili bila kutumia nishati zaidi ya mtu anayetembea mikono mitupu. Waliopima walipima nishati, hawakupima maumivu ya shingo, hivyo ndoo ya maji isihesabiwe kuwa darasa la mazoezi.

Wahadza wa Ziwa Eyasi nao, kwa utafiti wa 2020, hupumzika karibu saa 10 kwa siku. Tofauti yao na wakaaji wa vitini ni kwamba sehemu ya muda huo huchuchumaa, na miguu iliyochuchumaa hufanya kazi zaidi kuliko iliyokaa kitini.

Bibi na babu wasiachwe nyuma. Mwaka 1990, huko Marekani, wazee wa miaka 86 hadi 96 walinyanyua uzito kwa miguu kwa wiki 8. Waliomaliza waliongeza nguvu kwa wastani wa asilimia 174! Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kujenga misuli angalau siku 2 kwa wiki.

Mwenye presha, mjamzito au aliyefanyiwa upasuaji aanze kwa daktari. Usibane pumzi unaposukuma, maana presha hupanda. Na kama mashine haipo karibu, tyubu kuukuu ya baiskeli iliyokatwa utepe hufanya kazi ya springi: kadiri unavyoivuta ndivyo inavyokaza. Ikague nyufa kwanza, isije ikakatika usoni.