Bikira Maria Katika Kuta za Belfast

Wengi wetu tumetundika picha ya Bikira Maria nyumbani, na jioni twasali rozari mbele yake. Huko Belfast, mji mkuu wa Ireland ya Kaskazini, picha yake ilichorwa nje, katika kuta za mitaani, wakati watu wa mji mmoja walipokuwa wakiuana. Waprotestanti wengi walitaka kubaki na Uingereza. Wakatoliki wengi walitaka kuungana na Ireland.

Waprotestanti ndio walioanza kuchora kuta, yapata mwaka 1908. Walimchora Mfalme William juu ya farasi mweupe, kukumbuka vita vya mto Boyne vya mwaka 1690, alipomshinda Mfalme James, Mkatoliki. Pengine walichora Biblia na taji.

Mitaa ya Wakatoliki ilijaa picha mwaka 1981. Mwaka huo wafungwa wa IRA na wenzao waligoma kula, wakidai wahesabiwe wafungwa wa siasa. Kumi walikufa. Wa kwanza, Bobby Sands, alikufa Mei 5, siku ya 66 ya mgomo. Basi ukutani akaonekana mfungwa kitandani, rozari mkononi, na Bikira Maria karibu naye, pamoja na maneno ya Bwana juu ya wenye njaa ya haki.

Mama aliyefiwa na mwanawe gerezani alipata faraja hapo. Lakini mjane Mprotestanti, ambaye mumewe aliuawa na IRA, aliona nini? Aliona bendera ya adui. Ndivyo alivyoona Mkatoliki pia mbele ya farasi mweupe na Biblia ile.

Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alikuwa amewasihi huko Drogheda, Septemba 29, 1979, akisema kwamba anapiga magoti kuwaomba waache ukatili. Kabla Sands hajafa, alimpelekea msalaba kwa mkono wa Padre John Magee, aliyemsihi aache mgomo. Msalaba huo ulipelekwa ili mtu apone.

Mapatano yalifanyika Ijumaa Kuu, Aprili 10, 1998, baada ya watu zaidi ya 3,500 kufa. Kuanzia mwaka 2006 Baraza la Sanaa lilisaidia mitaa kadhaa kubadili picha za vita.

Wazazi, tuwafundishe watoto wetu mapema: Mama wa Bwana huombwa na kuheshimiwa. Tusimfanye alama ya kumtambulia jirani kuwa adui.