Hebaria ya Chuo Kikuu na Uyoga wa Mkonge

Mvua zikinyesha katika mashamba ya mkonge yaliyo kandokando ya njia itokayo Tanga kupitia Pongwe hadi Muheza, marundo ya makapi yaliyotupwa nje ya korona hupata joto la uozo, na juu yake huchipua uyoga mwembamba wenye kofia ya kijivu iliyofunikwa magamba meupe. Watu wa mashamba ya mkonge wameuokota na kuupika tangu zamani. Sharti uokotwe ukingali mchanga, kwa maana kofia ikisha kufunguka huanza kujiyeyusha yenyewe kuanzia ukingoni, na baada ya saa chache hubaki matone meusi kama wino juu ya kijiti kilichonyauka.

Mtu akiuliza uyoga huo ni wa spishi gani, jibu ni jepesi kulitamka: ni Coprinopsis cinerea, ambao katika vitabu vya miaka iliyopita huitwa Coprinus cinereus. Swali gumu ni lile linalofuata. Je, tunajuaje kwamba jibu hilo ni la kweli, na ushahidi wake umewekwa wapi, ikiwa uyoga wenyewe umekwisha kugeuka wino? Kwa ajili ya swali la namna hiyo vyuo vikuu huweka hebaria.

Hebaria ni ghala la mimea na kuvu zilizokaushwa. Tawi lenye majani, maua au matunda hubanwa kati ya magazeti mpaka likauke, kisha hushonwa au kugandishwa juu ya karatasi nene. Pembeni huwekwa kibandiko chenye jina la mahali, kimo cha mahali hapo kutoka usawa wa bahari, tarehe, jina la mkusanyaji na namba yake, na mambo yatakayopotea mmea ukisha kukauka: rangi ya ua, harufu, urefu wa mti, jina wanalolitumia wenyeji na matumizi yake. Karatasi isiyo na kibandiko haina thamani kubwa kuliko jani lililookotwa njiani. Spishi mpya inapopewa jina, mtaalamu hutaja kielelezo kimoja kiwe cha msingi, na tangu siku hiyo jina hilo hushikamana na kielelezo hicho. Wakizuka wanaobishana miaka mia baadaye, hurudi kukitazama.

Sasa, vielelezo vya kwanza vya nchi ya Tanga vilikwenda wapi? Jibu fupi ni kwamba viliondoka. Carl Holst alikusanya mimea ya Usambara mwanzoni mwa miaka ya 1890, na mikusanyo yake ikasafirishwa hadi Berlin, ambako hata kuvu alizozipata zilielezwa na Paul Hennings. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, aliona ua dogo la zambarau katika nyufa za miamba yenye kivuli. Alilipeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka 1893 Hermann Wendland wa Hannover akaliita Saintpaulia ionantha. Leo ua hilo huuzwa katika vyungu duniani kote, na wataalamu wamelihamishia katika jenasi ya Streptocarpus. Mwaka huohuo wa 1893 mkonge nao uliingia kutoka Florida kwa juhudi za Richard Hindorf: vikonyo 62 tu vilifika vikiwa hai. Basi katika kipindi kifupi Tanga ilitoa ua na kupokea zao.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo na viumbe huko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Hapo ndipo hebaria kubwa ya kwanza katika nchi hizi ilipokua. Waingereza waliirithi, na kuanzia mwaka 1928 alikuwapo P. J. Greenway, aliyeongeza vielelezo kwa bidii na kuyathamini majina ya wenyeji kiasi cha kutunga kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili, iliyotoka mwaka 1937 na kuchapwa tena mwaka 1940. Lakini baada ya Vita Kuu ya Pili utafiti wa Amani ulihamishiwa Kenya, na mwaka 1950 hebaria nayo ikapelekwa Nairobi, ikawa Hebaria ya Afrika Mashariki. Ziko sababu za kiofisi zilizoeleweka wakati ule. Hata hivyo, tangu hapo mwalimu wa Muheza aliyetaka kulinganisha tawi la mti wa kijijini kwake na vielelezo vilivyokusanywa karibu naye ilimlazimu kulipeleka nje ya nchi.

Kuhamishwa huko kulikuja baada ya msiba mwingine uliofanya karatasi za Amani ziwe na thamani mpya. Usiku wa tarehe 1 kuamkia 2 Machi 1943 mabomu yaliiangukia hebaria ya Berlin, na sehemu kubwa ya vielelezo ikateketea, vikiwamo vingi vya msingi vya mimea ya Tanganyika. Hapa yafaa kueleza desturi moja ya wanabotania. Mkusanyaji huchuma matawi kadhaa ya mmea mmoja, akayapa yote namba moja, na kuyagawa kwa hebaria mbalimbali. Kwa hiyo ikiungua nakala ya Berlin, nakala nyingine yenye namba ileile, kama ipo, yaweza kushika nafasi yake. Pale ambapo hakuna nakala iliyosalia, jina limebaki likitegemea maelezo ya kitabuni tu.

Kitivo cha Sayansi kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1965, wakati chuo kilipokuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na Idara ya Botania ikapata nafasi ya kujenga hebaria ndani ya nchi. Kazi hiyo haikuwa ya fahari: kutembea misituni, kubadili magazeti yenye unyevu kila siku, kupambana na wadudu. Leonard Mwasumbi, mmoja wa wataalamu wa chuo hicho, alikuwa miongoni mwa walioifanya kwa miaka mingi. Vielelezo kutoka nchi zote tatu vilitumika kuandika Flora ya Afrika Mashariki ya Tropiki, iliyoanza kutoka mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012 ikiwa na spishi zaidi ya 12,000. Ilihusu mimea itoayo maua, misonobari na jamaa zake, pamoja na madole. Kuvu hazimo.

Kuvu zilichelewa kwa sababu zaonekana siku chache tu baada ya mvua, na zikikauka hupoteza rangi, harufu na umbo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ndipo wataalamu wa Helsinki, akiwamo Marja Härkönen, waliposhirikiana na Mwasumbi kukusanya uyoga wa Tanzania pamoja na ujuzi wa akina mama wanaouokota. Mwaka 1994 uyoga mmoja wa vichuguu ulipewa jina la Termitomyces singidensis, kwa heshima ya Singida. Mwaka 1995 kilitoka kitabu cha uyoga unaolika, na mwaka 2003 kingine kikubwa zaidi kilichoeleza pia ule wenye madhara. Umuhimu wa vielelezo hapa si wa kitaaluma tu. Ikiwa kitabu kinasema uyoga fulani unalika, na kielelezo hakipo, hakuna awezaye kuhakikisha kama mwandishi aliuona ule unaodhaniwa au ndugu yake mwenye sumu.

Uyoga wa makapi nao ulichunguzwa, na mwaka 2008 watafiti wa Dar es Salaam walichapisha matokeo ya kuuotesha, pamoja na aina nyingine mbili, juu ya makapi ya mkonge yaliyovundikwa. Taka ya korona ikageuka shamba.

Mwanafunzi wa Pongwe atakaye kuuhifadhi uyoga huo anahitaji haraka kuliko vyombo. Auchukue mchanga na uliokomaa kidogo, aupige picha palepale, aandike rangi, harufu, kitu ulichoota juu yake, mahali na tarehe. Kisha aupasue kwa urefu na kuukausha mara moja katika hewa yenye joto la nyuzi 40 hivi, si juu ya moto, mpaka uvunjike kama biskuti. Kipande cha kofia iliyokomaa kikiwekwa juu ya karatasi nyeupe kitaacha alama nyeusi: hizo ni spora, nazo huweza kutambuliwa kwa hadubini hata baada ya miaka mingi. Vyote hutiwa katika bahasha moja yenye namba moja, na bahasha iandikwe kabla ya adhuhuri, kwa kuwa uyoga uliobaki rundoni utakuwa umeanza kuchuruzika.