Pikapu ya karoseri fupi: tuifungie rimoki namna gani?



Kila mara mavuno ya mpunga ao ya mahindi yanapokuwa mazuri, ulizo moja linarudi katika mikutano: pikapu ya koperative haitoshe tena, tutafanya nini? Kununua kamyo ni bei kali. Kukodi kamyo kila juma, sehemu nzuri ya faida inabaki kwa mwenye kamyo. Basi watu wanafikiri rimoki. Na wakisha kufikiri rimoki, wanaangalia zile semi-rimoki ndefu zinazopita barabarani na kusema: «Na sisi tutie tandiko kama lile ndani ya pikapu, tutakokota toni mbili na nusu bila shida.»

Pengine mtashangaa kuona sisi waagronomu tunaongea juu ya mambo ya gari. Lakini gunia ambalo halifike sokoni ni sawa na gunia ambalo halikuvunwa. Na rimoki ikianguka katika kona, koperative inapoteza mengi kuliko bei ya mavuno, sababu kuko watu ndani ya gari. Kwa hiyo tuongee juu ya kile chuma kinachounga gari na rimoki, mbele ya kutoa makuta.

Tandiko ni kitu gani?

Mafundi wanaliita selleti, ni kusema tandiko, sababu rimoki inakalia gari sawa vile mtu anakalia farasi. Ni sahani nzito ya chuma yenye kinywa. Chini ya pua ya rimoki kuko pini nene, nayo inaingia katika kinywa hicho na kufungwa. Kule Marekani wanaliita «gurudumu la tano». Jina hilo lilitoka kwa magari ya zamani ya kukokotwa na farasi: juu ya ekseli ya mbele kulikuwa chuma cha duara kilicholazwa kama gurudumu, njo kilisaidia ekseli kugeuka.

Marekani watu wengi wanaweka tandiko dogo ndani ya karoseri ya pikapu, wanakokota rimoki za ng'ombe na za mizigo. Ni chombo kizuri. Uzito unakaa juu ya ekseli ya nyuma ao mbele yake kidogo, hauning'inie nyuma ya gari, na rimoki haichezecheze sana. Lakini pikapu zile ni kubwa kuliko zetu, na zile za karoseri ndefu zina karibu metre 2.40 ya kupakia mizigo. Pikapu ya milango mine inayotumika hapa kwetu, kama Toyota Hilux, ina karoseri ya karibu metre 1.50. Hapo njo shida inaanzia.

Kipimo cha kamba

Gari likikata kona kali, rimoki ya tandiko inageuka juu ya pini, na pembe ya mbele ya rimoki inakuja kuelekea kabini. Ikiwa karoseri ni fupi, pembe hiyo inavunja kioo cha nyuma ao inakunja kabini yenyewe.

Hamuhitaji injinia ili kujua. Chukueni kamba. Kwenye rimoki, shikeni kamba pale kwenye pini, mwivute mpaka pembe ya mbele iliyo mbali zaidi, mfunge fundo. Kisha mwende kwenye pikapu, mshike mwanzo wa kamba pale tandiko litakapowekwa, juu ya ekseli ya nyuma, na mwivute kuelekea kabini. Fundo likigusa kabini ao likipita, rimoki hiyo si ya gari hilo. Na hata likibakia nyuma ya kabini, lazima kuwe nafasi ya shubiri moja hivi, sababu katika mashimo rimoki inainama pande zote.

Tuchukue mfano. Rimoki ina upana wa metre 1.80, na pua yake inapita pini kwa santimetre 60. Toka pini mpaka pembe, kamba itapima karibu metre 1.08. Katika pikapu yenye karoseri fupi, toka katikati ya ekseli mpaka kabini mnaweza kupata santimetre 80 tu. Imekosa santimetre 28.

Kuko tandiko lenye kuteleza. Shofere anasimama, anafungua, tandiko linarudi nyuma karibu santimetre 30, anakata kona polepole, kisha analirudisha mahali pake. Katika mfano wetu, 80 na 30 ni 110: inabaki santimetre 2 tu juu ya ile 108. Tena pini ikirudi nyuma ya ekseli, uzito unainua pua ya gari na magurudumu ya mbele hayashike barabara vizuri. Kwa kugeuka katika uwanja wa depo, sawa. Kwa barabara ya mlima yenye kona kila metre 50, hapana.

Tuhesabu magunia

Sasa tuseme rimoki imepatikana yenye pua nyembamba, na kamba imekubali. Bado kuko hesabu ya uzito.

Pikapu yoyote ina uzito ulioruhusiwa kubeba. Tuchukue kilo 1,000 kama mfano. Ya kwenu iko katika kitabu cha gari ao juu ya kibati cha mlango. Uzito huo ni wa kila kitu: watu, magunia, na uzito ambao rimoki inaweka juu ya gari. Watu watano ni kama kilo 350. Inabaki 650. Bila rimoki, pikapu inapakia magunia 13 ya kilo 50.

Rimoki ya tandiko inaweka juu ya gari kati ya 15 na 25 kwa mia ya uzito wake wote. Ikiwa na kilo 2,500, tuchukue 20 kwa mia: ni kilo 500. Tandiko lenyewe, tuseme 80. Inabaki kilo 70 katika gari, lakini nafasi imekwisha, sababu tandiko limekaa pale magunia yalipokuwa. Rimoki tupu ikiwa na kilo 700, inabeba 1,800, ni kusema magunia 36. Jumla ya safari: magunia 36.

Tuangalie sasa rimoki ndogo ya kufungia nyuma ya gari. Ikiwa tupu ina kilo 450, ikipakiwa 1,600. Inabeba kilo 1,150, ni magunia 23. Pua yake inaweka karibu 10 kwa mia juu ya gari, ni kilo 160. Katika karoseri inabaki kilo 490, ni magunia 9. Jumla ya safari: magunia 32.

Tofauti ni magunia mane tu. Na kwa magunia hayo mane, gari linakokota kilo 900 zaidi kila kilometre. Kwa karoseri fupi, sisi tunaona jibu liko wazi: tufungie nyuma, tuache karoseri ifanye kazi yake.

Kufungia nyuma: mpira ao kroshe?

Mpira wa chuma njo unaojulikana zaidi. Kikombe cha rimoki kinafunika mpira na kufungwa. Ni rahisi, haupige kelele, na kila fundi anaujua. Lakini angalieni kipimo. Mpira wa Ulaya una milimetre 50. Wa Marekani uko wa aina nyingi: kuko wa karibu milimetre 48, wa karibu 51, na mwingine wa karibu 59. Kikombe cha 50 juu ya mpira wa 48 kinaonekana kimefungwa vizuri pale kwenye uwanja, kisha shimo la kwanza kinaruka. Kipimo kimeandikwa juu ya mpira na juu ya kikombe. Kama hakisomeki, pimeni, ao mnunue vyote viwili pamoja.

Kroshe na pete ni kile ambacho magari ya kijeshi yanatumia. Pete ya rimoki inaingia katika kroshe, na mdomo wa kroshe unafungwa kwa pini. Inapiga kelele na inagonga-gonga, lakini inakubali kuinama sana kila upande. Kwa njia za shamba zenye mitaro na mawe, mara nyingi njo bora.

Uma wenye pini ya kupitisha, sawa ule wa trakta, tunauacha kwa trakta. Unageuka kushoto na kuume, lakini gari likiingia shimoni na rimoki ikiwa bado juu, chuma hakina pa kukunjia, kinapasuka.

Chombo chochote mtakachochagua, kifungwe juu ya shasi kwa bulo nzito zenye alama 8.8 ao 10.9 juu ya kichwa, pale mtengenezaji wa gari alipotayarisha matundu. Kisifungwe juu ya pareshoki. Na fundi asichomelee shasi ovyo, sababu moto unadhoofisha chuma chake. Tieni minyororo miwili, ipitane kama msalaba chini ya mkono wa rimoki. Kama kikombe kikiruka, mkono unaangukia juu ya minyororo, hauchimbe barabara.

Kamba yetu inatumika hapa pia. Toka kwenye kiungo mpaka pembe ya mbele ya rimoki, toka kwenye kiungo mpaka pembe ya nyuma ya gari: pembe hizo zisikutane wakati wa kugeuka. Mkono mfupi mno wa rimoki ni shida sawa na karoseri fupi.

Freni inachagua ukubwa wa rimoki

Watu wanauliza: gari litapandisha? Ulizo la kwanza lingekuwa: gari litateremka namna gani?

Fikirini wale wanaopeleka mchele toka bonde la Ruzizi mpaka Bukavu, na kurudi na mbolea. Ziwa Tanganyika liko karibu metre 770 juu ya bahari, Ziwa Kivu karibu 1,460. Katikati kuko kona za Ngomo. Pale mlima unaposhuka metre 10 kwa kila metre 100, rimoki ya kilo 1,600 inasukuma gari kwa nguvu ya karibu kilo 160, bila kupumzika. Ile ya 2,500 inasukuma kwa 250.

Katika inchi za Ulaya, rimoki ya kupita kilo 750 lazima iwe na freni yake. Hata kama hakuna polisi wa kuuliza jambo hilo katika barabara yenu, mlima unauliza. Rimoki nyingi zina freni ya kusukumwa: gari likipunguza mwendo, rimoki inasukuma mkono wake, na mkono unavuta freni. Ni nzuri, lakini katika mteremko mrefu inakaza wakati wote na kupata moto. Shofere ateremke kwa vitesi ileile ambayo angetumia kupanda, asiachie gari huru. Akisikia harufu ya kuungua, asimame, azuie magurudumu kwa mawe, angoje. Asimwage maji juu ya freni yenye moto. Chuma kinaweza kupasuka.

Kupakia

Rimoki nzuri iliyopakiwa vibaya ni mbaya. Magunia yakijaa nyuma, pua inakuwa nyepesi, na rimoki inaanza kutikisa mkia kushoto na kuume mpaka inaangusha gari. Yakijaa mbele, pua inakaa sana juu ya gari, na taa za mbele zinaangaza miti. Anzeni juu ya ekseli, kisha mbele kidogo. Mizani mnayopimia mazao ipime pua pia: wekeni pua juu yake, rimoki ikiwa sawa na udongo. Mtafute karibu 10 kwa mia, lakini msipite kiasi kilichoandikwa juu ya kiungo ao katika kitabu cha gari. Na mtu asipande juu ya rimoki, hata kama ni ndugu ya shofere.

Mbele ya kutia sahihi

Komite iende kuona rimoki pamoja na pikapu, shofere na fundi, si kwa picha ya telefone. Waende na kamba na metre. Wasome vibati vyote viwili. Waangalie kama taa ni za volti 12 kama za gari, sababu rimoki iliyotoka kwa kamyo inaweza kuwa ya 24. Waulize asiransi kama inakubali rimoki. Kisha waijaribu na nusu ya mzigo, mahali tambarare: kusimama ghafla, kugeuka kabisa kushoto, kugeuka kabisa kuume, kurudi nyuma. Yule anayeuza akikataa jaribio hilo, mumwachie rimoki yake.

Hesabu ya magunia, kila koperative iifanye kwa namba za gari lake na kuisoma mbele ya mkutano. Memba akiona ginsi 36 inakuwa karibu sawa na 32, hatalomba tena chuma kikubwa juu ya kujivuna. Atalomba freni.