Janet Lane-Claypon na Wanawake Elfu Moja

Kansa ya matiti ni ugonjwa uliojulikana kwa waganga tangu zama za kale, lakini kwa karne nyingi chanzo chake kilielezwa kwa kubahatisha tu. Wengine walidai kuwa huletwa na majonzi, wengine na pigo la kifuani. Kila mmoja aliweza kutaja mgonjwa wake aliyeonekana kuithibitisha dhana hiyo. Mwaka 1926 Dk. Janet Lane-Claypon wa Uingereza alichapisha taarifa iliyoonyesha njia bora zaidi ya kulikabili swali hilo.

Lane-Claypon alizaliwa mwaka 1877 huko Lincolnshire. Alisomea fiziolojia na udaktari mjini London, wakati ambapo wanawake wachache sana walipata nafasi hiyo. Mwaka 1906, yeye na Profesa Ernest Starling walichapisha majaribio yao juu ya sungura. Waliwadunga sungura majike ambao hawajapata kuzaa maji yaliyokamuliwa kutoka katika vijusi vya sungura, na matiti yao yakaanza kukua. Hapo ilielekea kwamba ukuaji wa matiti wakati wa mimba huongozwa na kemikali zisafirizo katika damu.

Miaka ishirini baadaye, kwa niaba ya Wizara ya Afya, aligeukia kansa ya matiti. Katika hospitali za London na Glasgow walihojiwa wanawake wapatao 500 wenye ugonjwa huo. Lakini kujua habari za wagonjwa peke yao hakutoshi. Tukiambiwa kwamba wengi wao wana watoto wachache, bado twapaswa kuuliza: wachache kuliko nani? Kwa hiyo walihojiwa pia wanawake wengine wapatao 500 wenye hali ya maisha inayofanana na ya wale wa kwanza, ambao hawakuwa na kansa. Makundi yote mawili yaliulizwa maswali yale yale.

Ilibainika kwamba, kwa wastani, wagonjwa wa kansa waliolewa wakiwa na umri mkubwa zaidi, walizaa watoto wachache zaidi, na walinyonyesha kwa muda mfupi zaidi. Hata hivyo, aliyechelewa kuolewa hutazamiwa kuwa na watoto wachache. Ndiyo sababu, kwa msaada wa mtakwimu Major Greenwood, hesabu zilifanywa upya kwa kuzingatia umri na muda wa ndoa. Tofauti ya idadi ya watoto ilibaki.

Taarifa nyingine, ya mwaka 1928, ilifuatilia wanawake waliokwisha kupasuliwa. Ilionyesha wazi kwamba waliotibiwa ugonjwa ukiwa bado mchanga waliishi muda mrefu kuliko waliochelewa.

Mwaka 1929 Lane-Claypon aliolewa. Wakati huo utumishi wa serikali nchini Uingereza haukuwaruhusu wanawake walioolewa kuendelea na kazi. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1946. Kazi yake ya utafiti ikakomea hapo, na alipofariki mwaka 1967, akiwa na umri wa miaka 90, jina lake lilikuwa limekwisha kusahauliwa na wengi.

Njia yake, hata hivyo, haikufa. Mwaka 1950, watafiti wa Uingereza na Marekani walilinganisha vivyo hivyo wagonjwa wa kansa ya mapafu na watu wasio nayo, wakagundua madhara ya sigara. Mwaka 2002, wanasayansi walikusanya matokeo ya tafiti 47 kutoka nchi 30, zilizohusu wanawake 50,302 wenye kansa ya matiti na 96,973 wasio nayo. Walikadiria kwamba hatari ya ugonjwa hupungua kwa asilimia 7.0 kwa kila uzazi, na kwa asilimia 4.3 zaidi kwa kila miezi 12 ya kunyonyesha. Mwaka 2010 takwimu za 1926 zenyewe zilipigiwa hesabu kwa mbinu za kisasa, zikaonekana kulingana na yajulikanayo leo.

Yafaa kukumbuka kwamba wastani si hukumu juu ya mtu mmoja. Mama wa watoto wengi aweza kuugua, na asiyezaa aweza kuishi bila ugonjwa huo. Hivyo anayeona uvimbe asijifariji kwa idadi ya watoto wake, bali aende hospitali mapema, kama taarifa ya 1928 ilivyokwisha kuonyesha.